Maswali ya Kuka Kuhusu Mlima Gelai

Lurambi haina reli. Ukitoka Kakamega mjini ukafuata barabara ya Webuye, unapita Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, na kelele utakazosikia ni za bodaboda na makanga wa matatu wanaoita abiria wa Webuye na Bungoma. Reli ya upande wa kusini iliishia Butere mwaka wa 1930. Ile ya kaskazini inapita Lugari na Webuye ikielekea Malaba. Sisi tuko katikati, tumerukwa na zote mbili.

Lakini nyumbani kwetu kulikuwa na mtu wa reli. Kuka aliondoka hapa mwaka wa 1955, kijana wa miaka kumi na tisa, akatembea na kupanda lori hadi Kisumu, akaingia treni ya usiku kwenda Nairobi. Alianza kazi shedini akisugua injini kwa matambara na mafuta. Baadaye akawa fayamani. Alirudi nyumbani 1979 akiwa na koti moja zito la bluu, taa ya mkono, na tabia ya kuamka saa tisa usiku bila saa ya kengele. Mimi nilizaliwa miaka mingi baadaye. Kwangu treni ilikuwa hadithi ya mzee, na hadithi za mzee, enyewe, ukiwa mtoto unazisikiliza nusu nusu.

Miaka mitatu iliyopita nilikuwa Nairobi kwa shughuli zangu nikaingia Makumbusho ya Reli, pale nyuma ya steshini kuu. Niliingia kwa sababu ya picha. Ukweli usemwe, vijana wengi tunaenda pale kupiga picha. Vyuma vya zamani, kutu ya rangi ya machungwa, michoro ya grafiti ya wasanii waliowahi kugeuza mabehewa kuukuu kuwa studio. Instagram inapenda kutu. Nikasimama mbele ya injini moja ndefu mno, rangi ya damu ya mzee, namba 5918, na ubavuni imeandikwa *Mount Gelai*. Nikapiga kama picha thelathini.

Niliporudi Lurambi nikamwonyesha kuka kwenye simu. Alikuwa na miaka karibu tisini. Alishika simu kwa mikono miwili kama mtu anayeshika sahani ya moto. Akanyamaza muda mrefu. Halafu hakuuliza kama niliipenda. Aliuliza: "Kioo cha maji bado kipo?"

Sikujua kioo cha maji ni nini.

"Ndoo ya mchanga je?"

Sikujua pia.

"Sasa wewe, mwitsukhulu, ulienda kuangalia nini?"

Makala haya yametoka kwenye maswali hayo mawili.

* * *

Tuanze na chuma chenyewe, maana historia ya reli Kenya mara nyingi huanza na simba ikaishia na simba. Simba wa Tsavo waliuawa Desemba 1898 na leo wamewekwa jumba la makumbusho la Field, Chicago. Behewa ambalo afisa wa polisi Charles Ryall alivutwa nje na simba mwingine pale Kima, Juni 1900, liko hapa Nairobi, na kila mwongozaji atakupeleka hapo kwanza. Sawa. Lakini simba hakuvuta mzigo.

Reli yetu ya zamani ina upana wa mita moja tu kati ya chuma na chuma. Ilijengwa kuanzia Mombasa mwaka wa 1896, ikafika Nairobi Mei 1899 na Kisumu Desemba 1901. Ni njia nyembamba, yenye kona nyingi, na inapanda kutoka usawa wa bahari hadi Nairobi iliyo juu ya mita 1,600, kisha inaendelea kupanda Bonde la Ufa mpaka Timboroa, juu ya mita 2,700. Sasa fikiria shida ya mhandisi. Mzigo ni mwingi, mlima ni mkali, na njia ni nyembamba. Ukitengeneza injini kubwa, itavunja reli au itashindwa kukata kona.

Jibu lilitoka kwa Mwingereza Herbert William Garratt, aliyepeleka wazo lake kusajiliwa mwaka wa 1907. Badala ya kuweka boila juu ya magurudumu, uliitundika katikati, kati ya injini mbili, moja mbele na moja nyuma, kila moja ikigeuka yenyewe kwenye kona. Juu ya injini ya mbele unaweka tangi la maji. Juu ya ile ya nyuma unaweka mafuta na maji mengine. Boila ikawa nene kama ulivyotaka kwa sababu hakuna magurudumu chini yake, na uzito ukagawanywa kwa njia ndefu. Kuka alikuwa na maelezo mafupi zaidi: "Ni kama watu wawili wamebeba gogo. Gogo ndilo boila."

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia mizigo ilijaa bandarini Mombasa hadi ikawa aibu. Shirika la reli likaagiza kutoka kiwanda cha Beyer, Peacock mjini Manchester injini 34 za Garratt, zikafika 1955 na 1956. Hizi ndizo daraja la 59. Kila moja ilikuwa na uzito wa tani 252, urefu unaozidi mita 31, magurudumu 28. Iliweza kuvuta treni ya tani 1,200 kwenye mteremko wa reli ya Mombasa, yaani lori arobaini za tani thelathini zikipanda mlima kwa mpigo mmoja. Katika reli za mita moja duniani kote, haijawahi kutengenezwa injini ya mvuke yenye nguvu kuzishinda.

Na zilipewa majina ya milima. Mlima Kenya, Kilimanjaro, Elgon. Ukifikiria vizuri, ulikuwa uamuzi mzuri. Injini za daraja la 60 zilikuwa zimepewa majina ya magavana wa kikoloni; baada ya uhuru vibao hivyo vikang'olewa. Iliyobaki pale makumbusho, 6006, iliwahi kuitwa Sir Harold MacMichael, gavana wa Tanganyika miaka ya thelathini. Injini za daraja la 29, 30 na 31 zilipewa majina ya makabila. Pale uwanjani utakuta 2921, *Masai of Kenya*, na 3020, *Nyaturu*, jina la watu wa Singida. Gavana anaweza kung'olewa kwa bisibisi. Mlima hauna kosa.

Kati ya zile 34, zimebaki mbili. 5918 Mlima Gelai, na 5930 Mlima Shengena. Gelai ni volkano karibu na Ziwa Natron; Shengena ni kilele cha milima ya Upare. Yote miwili iko Tanzania. Kwa hiyo kumbukumbu kubwa kuliko zote za reli iliyobaki Nairobi ina majina ya milima ya nchi jirani, tangu enzi ambayo reli ya Kenya, Uganda na Tanzania ilikuwa moja. Jumuiya ilipovunjika 1977 kila nchi ikachukua vichwa na mabehewa yake. Nyingine 32 zilikatwa zikauzwa kama chuma chakavu. Elgon, ambao sisi wa magharibi tunauona asubuhi kukiwa hakuna mawingu, ulienda huko.

* * *

Nilirudi Nairobi mwezi uliofuata na orodha. Kuka alikuwa ameninong'oneza, na mimi nikaandika kwenye simu: kioo cha maji, ndoo ya mchanga, tundu la kuchungulia moto, kiti cha fayamani, vali ya mafuta.

Hapa lazima nieleze kazi ya fayamani, kwa sababu tumezoea picha ya mtu mwenye sepetu akitupa makaa. Injini zetu za mwanzo zilikula kuni na makaa. Mikaratusi mingi iliyopandwa kando ya reli ilipandwa iwe chakula cha treni. Lakini daraja la 59 lilichoma mafuta mazito. Fayamani hakuwa na sepetu. Alikuwa na vali, na macho.

Mafuta yanaingia tanurini yakipulizwa na mvuke. Ukifungua sana, moshi unatoka mweusi, unapoteza mafuta na unajaza masizi kwenye mabomba. Ukifunga sana, bomba la moshi linakuwa jeupe kabisa, hewa baridi inaingia, presha inashuka na treni inasimama mlimani. "Unataka moshi wa kijivu hafifu," kuka alisema. "Kama pumzi ya mtu asubuhi ya baridi." Masizi yakikusanyika, anachota mchanga kwenye ndoo, anautupa kwenye tundu la tanuru, na nguvu ya mvuke inauvuta mchanga kupitia mabomba ukiyasugua. Nje, moshi mweusi tii unatoka kwa dakika moja. Kama uliwahi kuona picha ya zamani ya treni ikitoa wingu jeusi ukadhani ni mbwembwe, pengine ilikuwa ni mtu na ndoo ya mchanga.

Na kioo cha maji? Hicho ni bomba la kioo lililosimama ndani ya kibanda cha dereva, linaonyesha maji yako kiwango gani ndani ya boila. Juu ya moto kuna paa la shaba au chuma ambalo lazima lifunikwe na maji wakati wote. Maji yakishuka paa likabaki wazi, linalainika kwa joto, na mvuke wote unalipuka kuelekea kwa watu wawili waliosimama pale. Kwa hiyo fayamani anaangalia moshi, anaangalia presha, anaangalia kioo. Tena na tena, kutoka Mombasa hadi Nairobi, kilomita 530, usiku kucha.

Nilipoomba kupanda ndani ya kibanda cha Gelai nilikuta vali nyingi, nyingine zimepakwa rangi juu ya rangi hadi hazigeuki. Nikatafuta kioo. Nilimpigia kuka kwa simu ya video. Mtandao wa nyumbani ukiwa na huruma siku hiyo, alinielekeza kama rubani: "Shuka kidogo. Kulia. Hapo. Sogeza kidole." Mlinzi mmoja alikuwa amesimama chini akinitazama, halafu akapanda naye. Halafu akaja mama mmoja na watoto wawili waliovaa sare za shule. Tukawa watu watano ndani ya kibanda tukimsikiliza mzee aliyekaa kwenye kiti cha plastiki Lurambi, chini ya mparachichi, akieleza boila.

Mtoto mmoja aliuliza, "Na mkienda choo?"

Kuka akacheka hadi akakohoa. Hakujibu.

* * *

Makumbusho hayo yalifunguliwa 1971, wakati injini za mvuke bado zilikuwa zinafanya kazi. Hilo ni jambo la kuheshimiwa. Msimamizi wa kwanza, Fred Jordan, alikuwa mtu wa reli, na walianza kukusanya vitu kabla havijapotea. Mwaka huohuo Charles Miller alichapisha kitabu *The Lunatic Express*, ambacho jina lake limeganda kwenye reli yetu hadi leo, utadhani tuliibatiza sisi. Mvuke uliisha kazini mwaka wa 1980. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, 5918 na 3020 zilifufuliwa zikavuta treni za watalii. Kwa hiyo inawezekana. Siyo ndoto.

Lakini injini ya mvuke ina tabia moja ngumu: haikai vizuri ikiwa imesimama. Ikitembea, inapakwa mafuta, inaoshwa, boila inakaguliwa. Ikisimama nje, mvua inaingia kwenye bomba la moshi, inachanganyika na masizi ya zamani, na mchanganyiko huo unakula chuma kutoka ndani. Unaweza kupaka rangi nje kila mwaka na ndani kukaisha. Ndiyo sababu wenye uzoefu hufunika bomba la moshi, hujenga paa, na hukausha boila kabisa. Paa ni bei rahisi kuliko boila mpya. Kama ningekuwa na neno moja la kumwambia yeyote mwenye bajeti ya urithi, ningesema: mabati.

Wengine wamefanya nini? Garratt ya kwanza kabisa duniani, K1, ilitengenezwa 1909 kwa ajili ya Tasmania. Ilifufuliwa Wales ikatembea tena. Manchester kwenyewe, ambako milima yetu ilizaliwa, jumba lao la sayansi na viwanda lina Garratt moja kubwa. Ni ya Afrika Kusini. Waliitoa huku wakairudisha kwao. Fikiria hiyo. Mji uliotengeneza mamia ya injini hizi kwa ajili ya kuuza nje ulilazimika kuja Afrika kutafuta mfano wa kazi ya mikono yake.

Kwa hiyo tunacho kitu ambacho dunia inakitaka. Swali ni tunahifadhi nini hasa.

Ukitembea ndani ya ukumbi wa makumbusho utaona sahani za daraja la kwanza, saa, picha za wahandisi wenye kofia za jua. Ni sehemu ya historia, siwezi kupinga. Wafanyakazi karibu 32,000 waliletwa kutoka India kujenga reli. Karibu 2,500 walikufa. Wanandi walipigana na reli hiyo miaka na miaka, hadi Koitalel arap Samoei alipouawa Oktoba 1905 kwenye kikao kilichoitwa cha amani. Januari 1947 wafanyakazi wa Mombasa, wa reli na bandari wakiwemo, waligoma wakadai mshahara unaoweza kulisha mtu. Hata hapa Lurambi, tulikorukwa, reli ilitugusa. Dhahabu ilipopatikana Kakamega 1931 wazungu walimiminika, na mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ikabadilisha sheria ya ardhi ili iweze kutoa mashamba ya watu kwenye hifadhi yao kwa ajili ya migodi. Rosterman iko hapa hapa kwetu. Hakuna chuma kilichofika huku bila kushushwa kwanza steshini fulani.

Injini haiwezi kueleza hayo yenyewe. Inasimama tu, nzuri. Uzuri wake unaweza hata kukufanya usahau.

Na kuna nyumba. Kuka aliishi Muthurwa, kwenye landhi za reli, chumba kimoja, watu wanne kwa zamu: mmoja akitoka kazini mwingine anaamka. Mwaka wa 2010 wapangaji wa Muthurwa walipoanza kuondolewa walikimbilia Mahakama Kuu, na mwaka wa 2013 mahakama ikasema haki yao ya makazi ilikiukwa. Nilimsomea kuka habari hiyo. Aliuliza swali moja tu: "Ile miti ya jakaranda wameiacha?" Makumbusho yana mabehewa ya wakubwa. Sijaona chumba cha fayamani. Chumba kile kingetosha ndani ya behewa moja, na kitanda, jiko la makaa, na ukuta uliochorwa alama za zamu.

* * *

Baada ya ile simu ya video nilianza kumrekodi. Hatukufanya kwa mpango wowote. Nilikuwa nikienda nyumbani wikendi, kukhu analeta chai, mimi naweka simu juu ya meza. Nilikuwa na saa sita na dakika kadhaa. Kuna sehemu anaiga mlio wa 59 ikipanda kutoka Mazeras, injini mbili zikianza pamoja, kisha polepole zinaachana, moja mbele ya nyingine, kisha zinakutana tena. Anapiga meza kwa viganja viwili. Vikombe vinalia. Anasema dereva wake, Kalasinga mmoja mkimya, alikuwa anaweza kulala akiwa amesimama, na akaamka tu mlio ukibadilika.

Aprili mwaka jana kuka alituacha.

Kwenye mazishi baba mdogo alitaka kuuza ile taa ya mkono. Kuna jamaa wa vyuma chakavu hupita na mkokoteni, na kuna mwingine wa Nairobi hununua vitu vya zamani kupamba mikahawa. Huyo wa mikahawa alitoa bei nzuri, na bili ya hospitali ilikuwa bado inatungoja. Sikuwa na hoja ya pesa. Nilisema tu kwamba nikiona taa ya kuka ikining'inia juu ya meza ya watu wanaokunywa kahawa ya mia nne, nitashindwa kumeza. Tulibishana hadi usiku. Mwishowe binamu zangu tulichanga, kila mtu alichonacho, na taa ikabaki. Iko juu ya kabati kwa kukhu. Haina utambi.

Nimefikiria kuipeleka makumbusho. Pengine nitaipeleka. Lakini nataka iende na zile saa sita za sauti, na sijaona mahali pale ambapo mtu anaweza kubonyeza kitu akasikia fayamani akiongea. Tunajua kuweka chuma. Bado tunajifunza kuweka watu. Jinja, Uganda, wamefungua makumbusho yao ya reli. Kisumu ina steshini ya zamani, na Butere bado iko mwisho wa njia. Wazee waliofanya kazi kwenye mvuke wakati wa mwisho wake, kama walikuwa na miaka ishirini mwaka wa 1980, leo wako sitini na kitu. Siyo wote wameenda. Kuna mmoja pengine kijijini kwenu, anaamka saa tisa usiku na hakuna anayemuuliza kwa nini.

Muulize kuhusu mchanga.

Mimi nilirudi kwa Gelai mwezi wa Agosti. Nilipanda kibandani peke yangu, nikaweka simu kwenye kiti cha fayamani, nikacheza ile sehemu ya Mazeras. Kofi la kushoto, kofi la kulia, yanaachana, yanakutana. Chini, kijana mmoja alikuwa akimpiga picha mpenzi wake karibu na magurudumu. Akainua kichwa akauliza, "Manze, hiyo ni nini inalia?"

Nikamwambia apande.